Presha ya Langoni: Damu ya Ukoo au Chungu cha Ukoo?

Mama huyu aliingia chumba changu cha kliniki akiwa na dawa zake zote ndani ya mkoba wa ukili, akazipanga mezani moja moja kama mtu anayerudisha amana.

“Mwanangu, nimezirudisha,” akasema. “Haya yetu ni ya damu. Mama yangu alikufa nayo, mjomba alikufa nayo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Dawa itaondoa nasaba?”

Ana miaka 54, anakaa Langoni, mji wa kale wa Lamu, na presha yake iligunduliwa miaka saba iliyopita. Siku ile ilisoma 176/104, juu sana. Alikuwa ametembea juani, basi nikamwacha apumzike dakika kumi, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, nikapima tena: 172/102. Alikuwa hajameza kidonge kwa wiki sita. Nimebadilisha mambo madogo madogo ya nyumba yake ili asitambulike. Namba sikuzigusa.

Mgonjwa kuacha dawa si jambo geni kwangu. Wengi huacha kwa sababu ya nauli, kuvimba miguu, au kuona kichwa hakiumi. Yeye aliacha kwa sababu ya hoja. Mpwa wake, mwanafunzi wa chuo Mombasa, alimtumia ujumbe wa sauti kwamba wanasayansi wamegundua Waafrika wana jeni (chembe za urithi) zinazokamata chumvi mwilini, kwa kuwa mababu waliochukuliwa utumwani kwa majahazi makubwa walikufa kwa kupoteza chumvi, wakabaki wale tu ambao miili yao iliishika. Mama akatoa hukumu yake: kama nimezaliwa hivi, chumvi ya nini kulaumiwa? Akarudia ng'onda wake, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. (Neno “jeni” lilipofika jikoni lilisikika “jini”, na jirani mmoja akashauri apelekwe akasomewe. Wiki mbili zilipotea hapo.)

Sikutaka kumjibu kwa kumtisha na kiharusi, maana alimwona mama yake akilala nacho miezi minne. Nilitaka hoja yake ipimwe kama inavyopimwa presha yenyewe, kwa utulivu na zaidi ya mara moja. Ndani yake mna madai matatu yaliyofungwa kitita kimoja: kwamba presha iko katika ukoo huu, kwamba iliyoileta ni jeni, na kwamba ikiwa ni jeni basi chakula hakina neno. La kwanza laweza kuwa kweli bila la pili, na la pili laweza kuwa kweli bila la tatu.

Hadithi ya majahazi

Kijana hakuizua. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Thomas Wilson na Clarence Grim, walichapisha dhana hiyo katika jarida la kitaalamu la presha. Walitaka kueleza kwa nini Wamarekani weusi wana presha zaidi kuliko Waafrika wa Magharibi ambao ni jamaa zao wa mbali. Walisema jasho, kutapika na kuharisha melini vilichuja watu, na waliopona walikuwa wenye figo zinazotunza chumvi. Waliiita dhana, na dhana hutolewa ili ijaribiwe.

Ilijaribiwa upesi. Mwaka 1992 mwanahistoria Philip Curtin, aliyechunguza biashara ya utumwa ya Atlantiki kwa miaka mingi, aliipitia upande wa historia na kuona haishikani: madai kwamba chumvi ilikuwa adimu Afrika ya Magharibi hayakuungwa mkono na kumbukumbu, wala hapakuwa na ushahidi wa kutosha kwamba upotevu wa chumvi ndio uliokuwa muuaji mkuu baharini.

Uzito zaidi kwangu ni wa waliotoka kwenda kupima watu. Richard Cooper na wenzake walipima watu wa asili ya Afrika ya Magharibi katika sehemu saba, wakatangaza mwaka 1997: wenye presha walikuwa karibu asilimia 16 Afrika ya Magharibi, 26 visiwa vya Karibi na 33 Marekani. Mtu angeweza kusema bado hayo yanaafiki hadithi ya meli. Lakini mwaka 2005 walilinganisha na Wazungu, wakakuta Nigeria karibu asilimia 14, Wamarekani weusi 44, na Ujerumani 55. Wajerumani hawakupakiwa kwenye meli za watumwa. Ikiwa weusi ndio wenye jeni ya presha, Mjerumani ameipata wapi kuwashinda wote, na Mnigeria ameiacha wapi?

Hata hivyo nilimuuliza mama swali lililo karibu zaidi na mlango wake: “Katika ukoo wenu nani alivuka Atlantiki?” Hakuna. Wazee wake ni wa Pate na Lamu, mabaharia wa kusi na kaskazi. Hadithi ile, hata ingekuwa sahihi neno kwa neno, ilikuwa ikizungumzia wajukuu wa watu wengine.

Na hilo neno “Waafrika” lenyewe halina mpaka mwembamba hivyo. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani yetu, ikiwamo Manda na Faza, ambazo kwa boti si mbali na gati ya Lamu. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na mchanganyiko wa mama wa Kiafrika na baba waliotoka Asia, hasa Uajemi, ulioanza karibu mwaka 1000. Simuambii mtu yeye ni nani. Nasema tu kwamba anayechukua rangi ya ngozi ya mtu wa Lamu na kusoma humo figo zake amesoma kurasa ambazo hazikuandikwa.

Mti wa nasaba nyuma ya kadi

Niligeuza kadi yake ya kliniki, tukachora ukoo kwa kalamu. Ndugu watano, watatu wana presha. Kwa mtazamo wa haraka ushahidi wa damu umetimia. Lakini presha si ugonjwa adimu hata kuwa nao watatu liwe ajabu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na kadiri umri unavyopanda ndivyo hesabu inavyopanda. Watatu wale wote wamepita miaka 50.

Kisha nikauliza juu ya wanaolala nyumba moja bila kuwa wa damu moja. Mume ana presha. Nilifurahi kwa nukta moja, halafu nikauliza tena: mume ni mtoto wa ami yake. Kwa nyumba nyingi za mji wetu, mume hawezi kutumika kama mtu baki. Nikamfuta kwenye ushahidi.

Mkaza mwana ndiye aliyenisimamisha. Kwao ni Garsen, hana nasaba na ukoo huu. Aliolewa hapa miaka kumi na moja iliyopita, na kadi yake ya ujauzito wa kwanza bado imo kwenye sanduku: 112/70. Sasa ana miaka 34, na nilipompima siku tatu tofauti wastani ulikuwa 146/92. Mama akamtazama kwa mshangao, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpima tangu mtoto wa mwisho. Huyu alipokea chungu cha nyumba hii bila kupokea damu yake.

Hapa nilijizuia, kwa sababu ushahidi unaokupendeza ndio unaohitaji kuchunguzwa zaidi. Presha hushuka kidogo katikati ya mimba, kwa hiyo 112 ya siku ile huenda ilikuwa chini ya kawaida yake. Ameongezeka uzito. Na ni mtu mmoja.

Upande wa pili kuna dada wa tatu, baba mmoja mama mmoja, aliyelelewa na khalati yake Matondoni tangu anaachishwa ziwa. Ana miaka 51, presha 128/80, hajawahi kumeza kidonge. Damu ile ile, jiko lingine. Lakini ndugu wa tumbo moja hushiriki takriban nusu tu ya yale yanayotofautisha watu kijeni, na dada huyu ni mwembamba, anatembea sana. Huenda alikosa jeni, huenda alikosa ng'onda. Mti wa nasaba hauwezi kuamua, kwa sababu ukoo hurithisha vyote viwili kwa mkono mmoja: mama anayekupa figo ndiye anayekufundisha kiasi cha chumvi.

Chungu chenyewe

Nilikwenda nyumbani. Naamini nusu ya kisa hiki ingenipotea kama ningebaki kitini.

Nyumba ina watu saba. Pakiti ya chumvi ya nusu kilo huisha siku ya nane. Gawanya gramu 500 kwa siku nane, kisha kwa watu saba: karibu gramu 9 kwa mtu kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5. Ni kweli sehemu humwagwa na maji ya kuoshea samaki, na watoto wadogo hula kidogo. Lakini hesabu hiyo haijagusa ng'onda na papa wanaonunuliwa tayari wamelowana chumvi, wala achari ya embe ya kila mlo, wala viazi vya karai vya jioni. Kipimo bora ni kukusanya mkojo wote wa saa 24, na sikuweza kukifanya hapa. Pakiti ya chumvi ndiyo iliyokuwa maabara yangu.

Halafu maji. Wageni wengi wanaoandika juu ya presha hawafikirii maji, lakini sisi watu wa kisiwa tunayaishi. Maji matamu ya Lamu hutegemea mvua inayochujwa na machuguu ya mchanga ya Shela. Mjini, visima vingi vimeingia chumvi. Nyumba hii hunywa na kupikia maji ya kisima cha uani, na nilipoyaonja yalikuwa na munyu dhahiri. Ulimi wa kawaida huanza kuhisi sodiamu, madini yaliyomo ndani ya chumvi, ikifika takriban miligramu 200 kwa lita. Kwa hiyo, ikiwa nimeihisi, mtu anayekunywa lita tatu kwenye joto letu anapata angalau miligramu 600, sawa na gramu moja na nusu ya chumvi. Hiyo ni karibu theluthi ya kikomo cha siku kabla hajatia tonge mdomoni. Huko pwani ya Bangladesh, ambako bahari imeingia visimani, watafiti wamekuta maji ya munyu yakiandamana na presha ya juu kwa wajawazito. Nilimkumbuka mkaza mwana.

Na juu ya kabati kulikuwa na kitu ambacho hakuna aliyenitajia: diklofenaki ya magoti, anayoinunua dukani na kumeza karibu kila siku. Dawa za aina hiyo huifanya figo ishike chumvi na maji, na hupandisha presha. Hospitali moja aliyopitia zamani ilimwongezea dawa ya presha mara mbili bila kumuuliza anameza nini kingine. Jambo hilo limeniuma, kwani swali lenyewe halihitaji mashine.

Sikuitupa jeni

Ingekuwa rahisi kumwambia mama kwamba jeni hazina kazi. Ningekuwa nimemdanganya. Tafiti za mapacha na za koo zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya tofauti za presha kati ya watu, mara nyingi hukadiriwa kati ya asilimia 30 na 50, inahusiana na urithi. Lakini sentensi hiyo inazungumzia tofauti kati ya watu wa mazingira fulani. Haisemi kwamba nusu ya presha ya mtu mmoja imeandikwa tumboni. Wote wakila chumvi nyingi sawasawa, kitakachobaki kuwatofautisha ni jeni, na chumvi itaonekana haina hatia ilhali ndiyo iliyowapandisha wote.

Utafiti mkubwa wa mwaka 2018, uliotumia watu zaidi ya milioni moja, wa asili ya Ulaya, ulifikisha sehemu za jeni zinazohusiana na presha kuwa zaidi ya 900. Kila moja husogeza presha kidogo mno, kwa kawaida chini ya milimita moja ya zebaki, yaani chini ya moja katika namba hizi za presha. Hakuna “jeni ya presha” ambayo mama huyu anayo na jirani hana. Mamia ya vitu vidogo ndiyo yanayofanya mtu mmoja aumizwe na chumvi upesi kuliko mwingine.

Yapo magonjwa adimu ambapo jeni moja hufanya kazi yote. Mmoja wao ulielezwa na daktari Grant Liddle mwaka 1963: figo hushika chumvi bila kuacha, presha hupanda mtu akiwa kijana, na potasiamu ya damu mara nyingi hushuka. Kwa hiyo nilijiuliza ni nini kingenifanya niamini hadithi ya damu hapa. Presha iliyoanza ujanani kizazi baada ya kizazi, potasiamu ya chini, dawa tatu zinazoshindwa. Mama alianza akiwa na miaka 47. Nilimpima: potasiamu ya kawaida, figo nzima. Na alipokuwa akimeza amlodipini, dawa yake ya presha, vizuri, kadi yaonyesha namba ya juu 138, 136, 140. Hiyo si presha inayokataa dawa.

Kuna ushahidi mwingine ambao wanaotetea jeni huutaja, na una uzito. Watu wengi wa asili ya Afrika wana kiwango cha chini cha renini, homoni ya figo, na dawa fulani huwafaa kuliko nyingine. Majaribio ya CREOLE ya mwaka 2019, ambayo Kenya ilishiriki, yaliona amlodipini ikiunganishwa na dawa ya pili inafanya vizuri kuliko mchanganyiko usio nayo. Nauheshimu na ninautumia kila siku. Lakini renini hushuka pia kwa mtu anayekula chumvi nyingi, kwa hiyo renini ya chini peke yake haionyeshi kilichoanza ni damu au chumvi.

Jambo lililomgeuza mama lilikuwa panya. Miaka ya 1960 Lewis Dahl alizalisha panya wa koo mbili, mmoja unaopanda presha ukilishwa chumvi, mwingine unaostahimili. Ukoo dhaifu ulipanda vibaya kwa sababu ya damu yake, na ulihitaji chumvi ili damu hiyo ionyeshe makali. “Basi panya mwenye damu mbaya ndiye wa kunyimwa chumvi kwanza,” akasema, kabla sijamaliza. Hapo dai la tatu lilikufa mikononi mwake mwenyewe. Kama yeye ni wa ukoo dhaifu, ng'onda anamhusu zaidi kuliko jirani.

Nikamwongezea ya nyumbani kwetu Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, Waluo waliohama kutoka vijiji vya karibu na Ziwa Victoria kwenda Nairobi walipimwa na kulinganishwa na waliobaki. Presha ilianza kupanda ndani ya miezi ya kwanza mjini, mkojo wao ukionyesha sodiamu nyingi na potasiamu kidogo. Kabla yao, Wasamburu walioingia jeshini walipimwa miaka ya 1960, na presha zao zilipanda walipoanza kula chakula cha kambi. Mtu habadilishi jeni kwa kupanda basi la usiku wala kwa kuvaa sare.

Tulichofanya, na kinachoweza kusemwa

Alirudia amlodipini siku ile ile. Diklofenaki tuliisimamisha, magoti yakapewa parasetamoli na mafuta ya kuchua. Maji ya kunywa na kupikia yakawa ya kununua, gharama ambayo mwanawe aliikubali baada ya kuona kadi ya mkewe. Ng'onda hakuachwa, kwa kuwa mtu wa Lamu haachi ng'onda. Analowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa mara mbili, na chumvi haitiwi tena kwenye mchuzi wake. Ndimu, ukwaju na pilipili vilishika nafasi. Mbaazi, mchicha na ndizi viliongezwa kwa ajili ya potasiamu, kwani figo zake zinaruhusu. Chumvi yenye potasiamu ndani, ile iliyopunguza kiharusi katika vijiji 600 vya China kwenye utafiti wa mwaka 2021, sikuipata madukani Lamu.

Mama huandika tarehe juu ya pakiti anapoifungua. Ya mwisho ilifika siku ya 13, yaani gramu tano na nusu kwa mtu.

Baada ya miezi mitatu anasoma 134/82. Siwezi kusema chumvi ilichangia kiasi gani, kwa sababu dawa ilirudi, diklofenaki ikaondoka na maji yakabadilika, yote kwa wiki moja. Kama daktari wa mtu huyu nimeridhika. Kama mchambuzi, sina haki ya kumpa chumvi ushindi wote. Mkaza mwana, ambaye hamezi dawa yoyote, ameshuka kutoka 146/92 hadi 137/86. Hilo lina maana kubwa zaidi kwangu, ingawa presha iliyopimwa mara ya kwanza ikiwa juu huwa na tabia ya kushuka kiasi hata usipoifanya lolote. Nitampima tena mwisho wa kusi.

Mpwa alikuja likizo. Alitaka tuzungumze juu ya meli, na tulizungumza kwa muda mrefu. Ni kijana anayesoma kwa bidii, na makosa yake yalikuwa ya kuamini upesi kitu kilichoandikwa vizuri. Mama ndiye aliyesema, “Nawe kaa upimwe.” Hakuwa amewahi. Ana miaka 22. Siku ya kwanza 150/96, ya pili 148/92, ya tatu 149/95, bila kahawa, bila mirungi, bila vinywaji vya kuongeza nguvu.

Kwa vigezo vile vile nilivyomwekea mama yake mkubwa, huyu ndiye mtu wa kwanza katika ukoo ambaye swali la damu linamhusu kweli. Nimeagiza vipimo vya potasiamu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na mkojo, na picha ya figo. Potasiamu ikirudi chini, atakwenda Mombasa kupimwa renini na aldosteroni, homoni inayoifanya figo ishike chumvi. Sampuli zimeondoka kwa boti ya asubuhi, na mama amehifadhi nafasi tupu kwenye mti wa nasaba, nyuma ya kadi, ya kuandika majibu yake.